Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kupanga Anwani na Kutuma Data kwa Modemu za Redio za E32

Majibu haya yanahusu modemu ya E32-433T20D ya kampuni ya EBYTE, yenye chipu ya SX1278 ya Semtech na nguvu ya juu kabisa ya miliwati 100. Ni ndogo, bei yake si kubwa, na inafaa kwa kazi ya kupeleka data chache mbali: kina cha maji kwenye tangi, hali ya pampu, unyevu wa udongo shambani. Mfano tutakaoutumia hadi mwisho ni kituo kikuu kimoja na matangi matatu ya maji.

Namba za mipangilio zimeandikwa kwa heksi, yaani mfumo wa tarakimu 16, kila baiti herufi mbili. Pale tunapotumia namba za kawaida tumesema.

Modemu inajuaje kwamba ujumbe ni wake?

Kuna mambo manne, na hayana uzito sawa. Chaneli, kasi ya hewani na usahihishaji wa makosa vikitofautiana kati ya anayetuma na anayepokea, hawasikilizani kabisa. Haya matatu yakishalingana ndipo anwani inapoingia kazini: mpokeaji anaupata ujumbe, anaangalia anwani iliyobebwa, kama si yake anautupa bila kuutoa kwenye waya, yaani kwenye pini zinazoiunga modemu na kifaa chako.

Anwani basi ni chujio tu. Haifichi ujumbe, haithibitishi kwamba umefika, wala haimwambii mpokeaji nani ametuma. Anayelielewa hili mapema hujiepusha na nusu ya matatizo yanayoelezwa hapa chini.

Pini zake ni zipi na zinaungwa wapi?

Ziko saba: M0 na M1 za kuchagua hali ya kazi, RXD ya kuingiza data, TXD ya kutoa data, AUX inayoonyesha kama modemu iko tayari (1) au ina kazi (0), VCC ya umeme, na GND. RXD ya modemu inakwenda kwenye TX ya kifaa chako, na TXD inakwenda kwenye RX. VCC inapokea volti 2.3 hadi 5.2, lakini pini za data ni za kiwango cha volti 3.3. GND ya modemu, ya kifaa na ya chanzo cha umeme lazima ziungane, la sivyo utapata herufi zisizoeleweka au kimya.

M0 na M1 usiziache zikining'inia. Ndani ya modemu zinavutwa juu kidogo, hivyo pini isiyoungwa husomeka kama 1. Zote mbili zikiwa wazi modemu inalala, na utakaa unatuma ujumbe usioondoka.

Funga antena kabla ya kuwasha umeme. Kutuma bila antena kunaweza kuua sehemu ya kukuza nguvu ya kutuma ndani ya chipu, na modemu iliyokufa hivyo mara nyingi bado hujibu amri za mipangilio vizuri kabisa, kwa hiyo fundi anatafuta kosa kwenye programu wakati kosa liko redioni. Ukikosa antena ya dukani, waya ulionyooka wa sentimita 17.3 ndio robo ya urefu wa wimbi la megahezi 434.

Naweza kuiunga moja kwa moja kwenye Arduino Uno?

Ndiyo, bodi hiyo ya mikrokontrola (kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa) inafaa, kwa tahadhari mbili.

Ya kwanza ni umeme. Pini ya 3.3V ya Uno inatoa miliampia 50 tu, na modemu ikituma kwa nguvu zote inavuta zaidi ya 100. Dalili yake inafahamika: kusoma mipangilio kunafanikiwa, kutuma kunashindikana, au modemu inajizima na kuwaka upya kila inapotuma. Tumia pini ya 5V au chanzo cha pembeni, na uweke kapasita ya mikrofaradi 100 au zaidi karibu kabisa na VCC na GND za modemu.

Ya pili ni TX ya Uno, ambayo inatoa volti 5. Weka rezista ya kilo-omu 1 kati ya TX ya Uno na RXD ya modemu, kisha rezista ya kilo-omu 2 kutoka RXD kwenda GND. Hapo RXD inapata volti 3.3. M0 na M1 nazo zishushwe hivyohivyo. Upande wa TXD kurudi Uno hauhitaji kitu, kwa kuwa Uno inaisoma 3.3 kama 1 bila shida. Anayetumia ESP32, bodi ya volti 3.3, hana haja ya rezista hizi.

Kumbuka pia kwamba pini 0 na 1 za Uno ndizo zinazotumiwa na USB. Ukiweka modemu hapo, kupakia programu kutagoma au data itachanganyika. Tumia pini nyingine kwa SoftwareSerial, maktaba ya Arduino inayogeuza pini za kawaida kuwa mlango wa seriali. Kwa kasi ya 9600 (biti kwa sekunde) inatosha.

Hali nne za M0 na M1 zina kazi gani?

- M0=0, M1=0: hali ya kawaida, inatuma na kupokea.
- M0=1, M1=0: hali ya kuamsha. Kabla ya kila ujumbe inatanguliza mlio mrefu wa kuziamsha modemu zinazosinzia.
- M0=0, M1=1: hali ya kuokoa umeme. Inasinzia na kuchungulia hewani mara kwa mara. Inapokea tu, na tena inapokea kutoka kwa aliye katika hali ya kuamsha peke yake.
- M0=1, M1=1: usingizi. Hapa redio imezimwa, na ndipo mipangilio inaposomwa na kuandikwa.

Ukibadili hali, subiri AUX ipande kuwa 1, kisha uongeze milisekunde 2 hivi kabla ya kutuma baiti yoyote. Programu nyingi zinazofanya kazi leo na kugoma kesho zimeruka hatua hii.

Nasomaje na kuandikaje mipangilio?

Njia rahisi ni kibadilishi cha USB kwenda seriali (chenye chipu ya CP2102, CH340 au FT232) pamoja na programu ya kompyuta inayoweza kutuma heksi. EBYTE wenyewe wana programu yao ya Windows, RF Setting, yenye vitufe vya kusoma na kuandika. Kufanya kwa mkono kunafundisha zaidi, na utahitaji ujuzi huo siku utakapotaka kifaa chako kijipange chenyewe.

1. Unga M0 na M1 kwenye 3.3V, kisha washa modemu.
2. Fungua mlango wa seriali kwa 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Katika hali hii ni 9600 daima, hata kama mwanzo uliipanga modemu kwa 115200.
3. Tuma baiti tatu: C1 C1 C1. Modemu mpya kutoka kiwandani itajibu C0 00 00 1A 17 44.
4. Tuma baiti sita za mipangilio yako, mfano C0 00 01 1A 18 C4.
5. Tuma tena C1 C1 C1 na ulinganishe jibu na ulichoandika. Usiamini uandishi ambao hukuusoma tena.
6. Rudisha M0 na M1 kwenye GND.

Ukianza na C2 badala ya C0, mipangilio inatumika mara moja lakini inapotea umeme ukizimwa. Inafaa kwa majaribio. C4 C4 C4 inaiwasha modemu upya, na C3 C3 C3 inaleta toleo lake.

Nimetuma C1 C1 C1, hakuna jibu. Kosa liko wapi?

Mara nyingi programu ya seriali imetuma maandishi badala ya heksi. Herufi "C" na tarakimu "1" zikitumwa kama maandishi ni baiti mbili, 43 na 31, ambazo modemu haizijui. Sababu ya pili ni programu kuongeza 0D 0A (alama za kumaliza mstari) mwishoni kila unapobonyeza tuma. Zima kipengele hicho. Baada ya hapo angalia kama RXD na TXD zimepishana, kama M0 na M1 kweli zina volti 3.3 (pima kwa mita, usikisie), na kama kasi ni 9600.

Zile baiti sita zina maana gani?

Ya kwanza ni amri. Ya pili na ya tatu ni anwani, nusu ya juu kisha nusu ya chini. Ya tano ni chaneli. Zinazosumbua ni ya nne na ya sita, kwa sababu kila moja imebeba mambo kadhaa ndani yake.

Baiti ya nne ina kasi. 1A maana yake waya kwa 9600 na hewani biti 2,400 kwa sekunde. Ukitaka kubadili kasi ya hewani tu huku waya ukibaki 9600: 18 ni biti 300, 19 ni 1,200, 1A ni 2,400, 1B ni 4,800, 1C ni 9,600 na 1D ni 19,200. Kasi ya waya inaweza kutofautiana kati ya kituo na kituo, kwani inahusu modemu na kifaa chake tu. Ya hewani haiwezi.

Baiti ya sita: 44 ya kiwandani ni utumaji wa wazi, muda wa kuamsha milisekunde 250, usahihishaji wa makosa umewashwa, nguvu 20 dBm (miliwati 100). Ukiigeuza kuwa C4 umewasha biti ya juu kabisa, na hiyo moja ndiyo inayoleta utumaji wa kulenga. C5 inashusha nguvu hadi 17 dBm, C6 hadi 14, C7 hadi 10.

Utumaji wa wazi na wa kulenga unatofautianaje?

Katika utumaji wa wazi, unachokiingiza kwenye waya ndicho kinachotoka upande wa pili, na kinapokelewa na kila modemu yenye anwani na chaneli sawa na ya mtumaji. Kwa vituo viwili tu, hii inatosha kabisa, na hakuna haja ya kujisumbua na zaidi. Wape anwani moja isiyo ya kiwandani, mfano 0A 5C, basi.

Katika utumaji wa kulenga, baiti tatu za kwanza za kila ujumbe ni anwani ya juu, anwani ya chini na chaneli ya unayemtumia. Modemu inazitumia kulenga, kisha inaziondoa. Mpokeaji anaona data tupu.

Nichague chaneli gani?

Kwa E32-433T20D, masafa ni megahezi 410 ukijumlisha namba ya chaneli, kuanzia 00 hadi 1F, yaani megahezi 410 hadi 441. Chaneli ya kiwandani ni 17, sawa na 23 kwa namba za kawaida, hivyo megahezi 433 kamili.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalitazami. Ukanda wa ISM (masafa ya matumizi ya viwanda, sayansi na tiba) unaotambuliwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano katika Kanda ya 1, iliyo na Afrika na Ulaya, unaanzia megahezi 433.05 na kuishia 434.79. Chaneli ya kiwandani iko nje ya mpaka wa chini! Katika chaneli zote 32 za modemu hii, ni moja tu ambayo kitovu chake kimo ndani ya ukanda huo: 18, yenye megahezi 434. Ndiyo maana mifano yetu yote inatumia 18.

Kuwa na uwezo wa kufika megahezi 410 hakumaanishi kuruhusiwa. Masafa hayo mengine yana wenyewe, wakiwamo watumiaji wa redio za mawasiliano. Kiwango cha nguvu nacho hupangwa na kila nchi. Ulaya, kwa mfano, vifaa vya aina hii katika ukanda huu vina kikomo cha miliwati 10, ambayo ni 10 dBm. Kabla ya kufunga mtandao wa kudumu uliza TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, UCC kwa Uganda au RURA kwa Rwanda.

Na jihadhari na kosa la tarakimu: chaneli 18 ya heksi ni 24 ya kawaida. Ukiandika 18 ya kawaida kwenye programu yako umekwenda megahezi 428, na kituo hicho hakitasikika na wenzake.

Anwani nizigawe vipi?

Mfano wetu:

- Kituo kikuu: C0 00 01 1A 18 C4
- Tangi la kwanza: C0 00 10 1A 18 C4
- Tangi la pili: C0 00 11 1A 18 C4
- Tangi la tatu: C0 00 12 1A 18 C4

Usitumie 0000 wala FFFF kama anwani ya kituo. Acha nafasi kati ya makundi, mathalani matangi 10 hadi 1F, pampu 20 hadi 2F, ili kesho ukiongeza kifaa usivuruge mpangilio. Andika anwani kwa kalamu isiyofutika juu ya kila kasha. Miezi sita baadaye, juu ya mnara wa tangi, hakuna atakayekumbuka.

Natumaje sasa kwa tangi la pili peke yake?

Kutoka kituo kikuu, peleka kwenye waya: 00 11 18 48 61 62 61 72 69. Tangi la pili litatoa 48 61 62 61 72 69, yaani "Habari". Mengine yatanyamaza.

Baiti zote tisa lazima ziende kwa mfululizo. Modemu ikiona waya umenyamaza kwa muda wa baiti 3 hivi, ambao kwa 9600 ni kama milisekunde 3, inahesabu kwamba ujumbe umeisha na inaurusha. Ukituma anwani, programu ikaenda kusoma sensa, kisha ikarudi kutuma data, modemu itazichukua baiti tatu za kwanza za data kama anwani mpya na kuzipeleka zilizobaki kusikojulikana. Tengeneza ujumbe wote kwenye kumbukumbu kwanza, ndipo uutume kwa amri moja.

Kosa ndugu yake ni kutuma anwani kama maandishi. Amri ya kuchapa inayotoa tarakimu "1" inapeleka 31, na hapo unamwita aliye na anwani isiyokuwepo. Tumia amri inayotuma baiti ghafi.

Nimelenga kituo kimoja lakini vyote vinapokea. Kwa nini?

Vingine vimebaki na anwani ya kiwandani 0000. Kwenye modemu hizi, 0000 na FFFF zina kazi maalumu: modemu yenye anwani hiyo husikia kila kinachotumwa kwenye chaneli yake. Ndiyo sababu anayejaribu modemu mbili mpya hudhani anwani hazifanyi kazi.

Uwezo huo ni wa thamani sana kwa fundi. Tenga modemu moja ya ukaguzi yenye C0 FF FF 1A 18 C4, iunge kwenye kompyuta, na utaona mazungumzo yote ya mtandao.

Na kuwatumia wote kwa pamoja?

Lenga FF FF 18, kisha data. Usiombe majibu kwa njia hii, kwa sababu vituo vyote vitajibu papo hapo na kufunikana.

Nitajuaje kwamba ujumbe umefika?

Modemu haitakwambia. AUX ikipanda kuwa 1 baada ya kutuma ina maana kwamba data imeingizwa kwenye chipu ya redio. Haina maana kwamba kuna aliyeipokea. Uthibitisho unajengwa kwenye programu yako, na kazi hii ndogo ndiyo inayotenganisha mtandao wa kutegemewa na wa kubahatisha.

Kila ujumbe uwe na vitu vitano: nani anatuma, anamtumia nani, namba ya mfuatano, data yenyewe, na baiti ya ukaguzi. Tuseme tangi la kwanza linaripoti kina cha sentimita 143, na huu ni ujumbe wake wa 57. Kwenye waya tunaweka:

00 01 18 10 01 39 8F A7

Tatu za kwanza zinalenga kituo kikuu. 10 ni mtumaji, 01 ni mpokeaji, 39 ni 57 kwa heksi, 8F ni 143. A7 inapatikana kwa kufanya XOR (kulinganisha biti kwa biti: zikitofautiana 1, zikifanana 0) ya baiti nne zilizotangulia: 10 na 01 inatoa 11, ukiiunganisha na 39 inatoa 28, ukimaliza na 8F inatoa A7. Kina kikiweza kuzidi sentimita 255, tenga baiti mbili.

Kituo kikuu kinafanya hesabu hiyohiyo. Ikilingana kinajibu:

00 10 18 01 10 39 06 2E

06 ndiyo alama ya "nimepokea", na 39 inarudishwa ili tangi lijue ni ujumbe upi uliofika. Tangi likikaa sekunde 2 bila jibu lirudie, mwisho mara tatu. Namba ya mfuatano ibaki ileile wakati wa kurudia, kwa sababu inawezekana ujumbe ulifika na jibu ndilo lililopotea. Kituo kikuu kikiona 39 mara ya pili kinajibu tena bila kuihesabu data mara mbili. Kwa kina cha maji marudio hayana madhara. Kwa mita inayojumlisha lita, au amri ya kufungua vali kwa dakika tano, yana madhara makubwa.

Baiti moja ya XOR inashika makosa mengi lakini si yote. Kwa amri za pampu tumia CRC ya biti 16, hesabu ya ukaguzi iliyo imara zaidi.

Ujumbe mmoja unaweza kuwa mrefu kiasi gani?

Pakiti moja ya hewani inabeba baiti 58. Ujumbe mrefu zaidi unakatwa, na upande wa kupokea vipande vinaweza kutoka vimeachana. Ubane ujumbe usizidi baiti 50 na hutahangaika na kuunganisha vipande.

Hifadhi ya ndani ni baiti 512. Waya wa 9600 unaingiza baiti 960 kwa sekunde, ilhali hewani kwa biti 2,400 hazitoki zaidi ya 300. Ukitiririsha bila kupumzika, hifadhi inajaa kabla ya sekunde moja kuisha na kinachofuata kinapotea. Angalia AUX kabla ya kila ujumbe: ikiwa 0, subiri.

Kasi ndogo ya hewani inafika mbali zaidi. Kwa nini nisiweke 300 kila mahali?

Kwa sababu utalipa kwa muda. Baiti 30 kwa 2,400 ni sekunde 0.1 kabla ya kuongeza utangulizi wa pakiti. Kwa 300 ni sekunde 0.8. Muda mrefu hewani unakula betri na unaongeza nafasi ya kugongana na mwingine. Anza na 2,400. Mawimbi yakiwa hafifu, inua antena kwanza. Ikishindikana ndipo ushuke hadi 1,200, tena kwenye vituo vyote, ukibadili pia muda wa kusubiri jibu.

Vituo vyangu vinagongana hewani. Nifanyeje?

Chagua moja kati ya njia mbili. Njia ya kwanza, kituo kikuu kinaita kimoja baada ya kingine: tangi la kwanza, jibu, la pili, jibu. Hakuna anayesema bila kuitwa, na migongano ndani ya mtandao wako inaisha. Njia ya pili, kila kituo kinatuma kwa wakati wake, ukiongeza muda wa nasibu wa sekunde 0 hadi 5 kabla ya kutuma na kabla ya kurudia. Bila huo unasibu, vituo viwili vilivyowashwa pamoja umeme uliporudi vitagongana kila dakika kumi bila kukosa.

Kwa chini ya vituo 20 vyenye umeme wa uhakika, tunapendekeza kuita kwa zamu.

Tangi liko mbali na umeme, natumia betri. Hali ya kuokoa umeme inasaidia?

Inasaidia iwapo kituo kikuu lazima kiweze kuliamsha tangi wakati wowote. Tangi linakaa M0=0, M1=1; kituo kikuu kinatuma kikiwa M0=1, M1=0. Muda wa kuamsha upande wa mtumaji uwe sawa na wa mpokeaji au mrefu zaidi. Kwa sekunde 1 baiti ya sita ni DC, kwa sekunde 2 ni FC. Tangi likitaka kujibu lazima lirudi hali ya kawaida kwanza, kwa kuwa katika kuokoa umeme halitumi.

Kama kazi ni kuripoti kina tu, kuna njia bora. Laza modemu kabisa, M0=1 na M1=1, ambapo inatumia mikroampia chache tu, na mikrokontrola iiamshe kila dakika 10: subiri AUX, tuma, subiri jibu sekunde 2, laza tena. Kituo kikuu kinabaki macho muda wote.

Mezani zinafanya kazi, shambani hazisikilizani.

Tazama njia ya mawimbi, si macho tu. Kuonana kwa macho hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi pana kuzunguka mstari ulionyooka. Kwa kilomita 1 kwenye megahezi 434, nafasi hiyo katikati ya njia ina nusu-kipenyo cha mita 13, na angalau asilimia 60 yake, karibu mita 8, inatakiwa iwe wazi. Antena iliyo mita 1 juu ya ardhi katikati ya mahindi haina nafasi hiyo. Kuinua antena kwa bomba la mita 6 kunasaidia zaidi ya kuongeza nguvu.

Antena zote zisimame wima. Usiibandike kwenye ukuta wa chuma au ubavuni mwa tangi la maji, wala usiifungie ndani ya kasha la bati. Umbali wa kilomita 3 ulioandikwa na kiwanda ni wa uwanja wazi.

Kinyume chake: zikiwa karibu sana zinakosa ujumbe.

Modemu mbili kwenye meza moja kwa 20 dBm zinazibana masikio. Mpokeaji anazidiwa na mawimbi. Tenganisha mita kadhaa au shusha hadi C7 wakati wa majaribio.

Data inatoka lakini ni takataka.

Kasi ya waya kati ya modemu na kifaa haifanani. Kwenye mipangilio ni 9600, ila ukirudi hali ya kawaida inafuata baiti ya nne. Kama ni 3A sasa waya uko 115200. Kama kasi ni sahihi, kagua GND.

Je, mtu mwingine anaweza kusikiliza au kuingilia?

Anaweza, kirahisi. Modemu ya FFFF kwenye chaneli yako inasikia yote, na anayejua anwani zako anaweza kutuma amri kama kituo kikuu. E32 haina ufunguo wa siri unaoweza kuupanga. Kama data ni nyeti, isimbe kwa AES (mbinu ya kuficha data kwa ufunguo wa siri) kwenye mikrokontrola kabla haijaingia modemu, na ukatae ujumbe wowote wenye namba ya mfuatano iliyokwisha kutumika, la sivyo mtu atarekodi amri yako ya leo na kuirusha kesho.

Pampu isitegemee redio kujizima. Ifungwe swichi ya boya na kipima muda papo hapo ilipo, ili mawimbi yakikatika katikati ya kazi tangi lisifurike na pampu isizunguke kavu.

Naweza kuchanganya E32 na E22, au E32 ya 433 na ya 868?

433 na 868 hazisikilizani; masafa ni tofauti. E22, aina nyingine ya modemu ya EBYTE, inapangwa kwa namna nyingine kabisa: hali ya mipangilio ni M0=0 na M1=1, amri zake zinataja rejista na urefu, chaneli zake kwenye ukanda huu zinaanzia megahezi 410.125, na ina namba ya mtandao pamoja na uwezo wa kurudisha mawimbi mbele ambao E32 haina. Nunua aina moja kwa mtandao mzima, pamoja na moja ya akiba na moja ya ukaguzi.

E32-433T30D inapangwa kwa baiti zilezile sita, ila biti za nguvu zinasomeka 30, 27, 24 na 21 dBm. C7 iliyokuwa miliwati 10 kwenye T20D, hapo ni zaidi ya miliwati 100, na kwa nguvu zote inafika wati 1. Chanzo cha umeme kinachotosha T20D hakiitoshi hiyo.